Ngiri na Mashimo ya Muhanga

Zamani za wanyama, Muhanga alikuwa akichimba shimo jipya kila kukicha, na la jana akimwachia yeyote. Ngiri, mwenye shimo zuri kuliko yote, akanuna. Mashimo yakizagaa hivi, nani atamnyenyekea yeye?

"Unatuharibia mbuga. Hama!" akamfokea.

Muhanga akajiendea zake. Vizazi vikaongezeka, mashimo hayakuongezeka. Wanyama wakawa wanampigia Ngiri magoti mlangoni, naye akavimba kichwa.

Masika yakaingia. Binti yake, mja mzito, akaja amelowa chepechepe.

"Baba, sogea niingie."

Ngiri akarudi kinyumenyume mpaka matako yakagonga ukuta. Meno yake bado yaliziba mlango.

"Hapatoshi, mwanangu. Tafuta kwingine."

"Kwingine wapi, baba?"

Ngiri hakuwa na jibu. Fisi, aliyekuwa akisikiliza kichakani, alikuwa nalo.