Namba Tisa Anatoka Ijumaa

Wote walikubaliana kwamba msimu ulikuwa mzuri, na hakuna aliyethubutu kumtazama Kijiko.

Kikao kilifanyika kwenye bwalo la gereza, sahani zilipokwisha kuondolewa. Mkuu wa gereza, ambaye ndiye pia mwenyekiti wa klabu, alikaa mbele. Kulia kwake alikaa hakimu wa mji, shabiki asiyekosa mechi hata moja, anayekuja uwanjani na kiti chake mwenyewe. Kushoto alikaa mwenye bucha, ambaye tangu timu ipande daraja alikuwa hana mazungumzo mengine na wateja wake. Wafungwa walijaa kwenye mabenchi, wachezaji na mashabiki pamoja.

"Timu ndogo zinapanda leo, kesho zinashuka," alisema Mkuu. "Sisi tumebaki ligi kuu. Nani alitegemea?"

"Mimi," alisema mwenye bucha.

"Wewe uligawa jezi yako tulipopoteza mechi ya pili."

Watu wakaangua kicheko. Mwenye bucha naye akacheka, maana ilikuwa kweli.

Mzee mmoja wa jikoni aliinua mkono. Walimwita Maisha, kwa sababu hicho ndicho kifungo chake, na uwanjani yeye ndiye aliyeongoza nyimbo huku akigonga sufuria. "Mkuu, kufungwa sisi tumezoea, hilo halitutishi," alisema, na kicheko kikarudi. "Ugenini tulikuwa ovyo, sawa. Wachezaji wanashuka kwenye lile lori miguu imekufa ganzi. Lakini tatizo letu ni mbele. Mabao yote ya maana kafunga mtu mmoja. Sasa huyo mtu akiondoka, tutafanyaje?"

Kicheko kilikatika. Mtu huyo mmoja alikaa benchi la mwisho, mikono katikati ya magoti, na alikuwa anatoka Ijumaa.

Kijiko aliingia gerezani kwa ugomvi wa sokoni. Jina hilo alipewa humo ndani, kwa jinsi alivyouchota mpira ukampita kipa juu ya kichwa. Alilipenda jina, alipenda kushangiliwa, lakini nyumbani alipapenda zaidi, na kadiri Ijumaa ilivyosogea ndivyo chakula kilivyomkataa. Alikuwa anaogopa. Alijua yaliyompata kipa wa timu yao: wiki aliyokuwa atoke, afande alikuta simu chini ya godoro lake. Kipa wa watu hakujua hata kuiwasha. Aliongezewa kifungo, na msimu huu tena alikuwa golini, akidaka vizuri na kuongea kidogo sana.

Ndiyo maana kila asubuhi Kijiko aligeuza godoro lake, akakung'uta blanketi na kupapasa mishono yake yote. Usingizi ulikuwa umemhama.

"Kijiko," Mkuu aliita, kwa upole uliomtia baridi. "Simama, mwanangu. Unatuachaje sisi?"

Alisimama. Alitafuta neno la kujishusha, wamwone si lolote, wamwache aende zake.

"Shikamoo, Mkuu. Mnanipa sifa zisizo zangu. Goti lenyewe limeanza kulalamika. Hata kwetu mimi sihesabiwi kuwa mchezaji. Mchezaji ni mdogo wangu. Yule ananipiga chenga uani mpaka nakaa chini, na mama anatufukuza na ufagio. Mimi hapa nimebahatisha tu."

Wengine walitabasamu. Mkuu hakutabasamu. Alimgeukia hakimu.

Hakimu alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya tai. "Jamani, tusiingie dhambini," alisema. "Kijana amemaliza kifungo chake. Ijumaa atoke, na mtu asimguse. Yale ya kipa sitaki kuyasikia tena."

Mkuu aliinamisha kichwa. Maisha alianza kupiga makofi, machozi yakimlengalenga, na bwalo zima likamfuata. Kijiko alishindwa kujizuia, akalia waziwazi. Katika maisha yake hakuna mtu mzito aliyewahi kumsemea.

Kikao kilipovunjika, hakimu alimshika bega. Alimwuliza kwao ni mtaa gani, nyumba ipi, ili gari la gereza limfikishe mlangoni na mama asihangaike kuja kumpokea. Kijiko alimwelekeza vizuri: nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu. Alimshukuru mpaka maneno yakamwishia.

Ijumaa, getini, afande alimwaga vitu vyake vyote mezani. Aligeuza mifuko nje, akaingiza mkono ndani ya viatu, akamwambia avue hata soksi. Kijiko alisimama amefumba macho. Hakikuonekana kitu. Ufunguo ukazungushwa, na lango likafunguka.

Gari lilimshusha mbele ya mlango wa bluu. Mama yake alikuwa ameketi kizingitini, na hakuinuka. Kijiko alipiga magoti akamkumbatia, akamwambia yamekwisha, hatarudi kule tena.

"Karibu, baba," alisema mama. Mikono yake ilikuwa baridi.

Kijiko alichungulia ndani, kisha uani. Kulikuwa kimya.

"Mama, dogo yuko wapi?"

"Walikuja juzi asubuhi wakamchukua. Eti baiskeli ni ya wizi. Baiskeli ya marehemu baba yenu." Alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Jana wamempa miaka miwili. Na hakimu mwenyewe mtu mpole, baiskeli hata hakuiulizia. Aliuliza tu mwanangu anatumia mguu gani."