Sechelela Wodini

Stanley alikizungushia kitabu gazeti kabla hajashuka kwenye bodaboda. Jaladani palichorwa binti amempanda fisi, kwa rangi za kung'aa, na saa hizi za kutazama wagonjwa mtu hakosi kukutana na wanafunzi wake wa chuo. Mhadhiri wa fasihi hakutaka kuonekana na kitu kile mkononi.

Kukinunua kwenyewe kulikuwa adhabu. Rukia, mwenye duka la vitabu pale Makole, alikishika kidogo kabla ya kumpa.

"Dokta, si wewe uliyeviponda gazetini?"

Ndiye. Aliandika kwamba vitabu vya Sechelela, binti huyo mpanda fisi, vinauzwa kama maandazi ya asubuhi, lakini havizai wasomaji. Anayevimaliza haendi kutafuta hadithi nyingine za maajabu; anakaa tu kumsubiri Sechelela mwingine. Makala ile ilimletea sifa.

"Ni cha mgonjwa," alisema.

"Watoto wanavipenda mno," Rukia akasema. "Mpe pole."

Stanley akalipa haraka, akatoka.

Mlangoni mwa wodi ya mifupa alipokewa na nesi Mwanne, bakuli la uji mkononi.

"Mgonjwa wako leo amegoma kula. Anasema mpaka ajue Sechelela ametokaje pangoni."

Mgonjwa alikuwa amelala chali, mguu umevutwa kwa kamba na vyuma tangu ateleze bafuni. Alipomwona Stanley alijiinua kwa viwiko, kisha, kama aliyefumaniwa, akajilaza tena na kujifanya hana haraka yoyote.

Kitabu cha kwanza walikikuta kitandani pale pale, kimesahauliwa na mtu aliyeruhusiwa. Stanley alianza kukisoma ili tu wasikae wakitazamana, maana wawili hawa hawakuwa na mazoea ya kuzungumza. Kilipoisha, akatumwa cha pili. Sasa walikuwa kwenye cha mwisho.

Akaketi, akasoma kwa sauti ya chini. Vitanda vya jirani navyo vikanyamaza. Sechelela alikuwa nchi ya chini ya mwamba, akiifuata mvua iliyoibwa. Kila ukurasa ulilipwa kwa kijiko cha uji. Fisi alipofungua kinywa na kusema maneno ya watu, mgonjwa alicheka, pengo la meno ya mbele likaonekana, uji ukamtiririka kidevuni. Stanley akampangusa kwa leso yake. Hakuwahi kumsikia akicheka namna hiyo. Aibu ilimshika: kitu alichokidhihaki mbele ya nchi nzima ndicho pekee kilichowapa la kuongea.

Mvua ikarudi juu ya mwamba, kitabu kikaisha. Mgonjwa aligeuzia uso ukutani.

"Zipo nyingine?"

"Sechelela mpya bado hajatoka."

"Sisemi Sechelela. Hadithi nyingine za namna hii. Za mtu yeyote."

Stanley aliyakumbuka maneno yake ya gazetini, masikio yakamwaka moto.

"Zipo nyingi. Kesho nitakuletea."

Mgonjwa alikuwa akibandua kwa ukucha rangi iliyochakaa ukutani.

"Na ile yako?"

"Ipi?"

"Uliyoandika ukiwa darasa la nne." Sauti ilikuwa ndogo, na uso haukugeuka. "Ile niliyoitia motoni mbele ya ndugu zako, nikakwambia sikuzaa mtoto wa kutunga uongo. Iliishaje, mwanangu?"