Maji ya Mayai

Siku hizi mchanga wa pwani unachemsha mayai ya kasa, kwa hiyo kila nyumba hupewa mayai yake na idara ya bahari, yakafukiwa kwenye sanduku la mchanga mvunguni mwa kitanda. Kila asubuhi huletwa pia ndoo ya maji ya kulowanisha magunia yanayolifunika. Maji hayo hayanywewi. Mchanga ukipata moto, watoto wote hutoka majike, na huko baharini madume yamekwisha.

Kipimo chao cha joto sikitumii. Natia kiwiko mchangani, kama ninavyopima maji ya kumwogeshea mtoto.

Wiki ya nne mjukuu wangu Mwanaiki alishikwa na homa. Maji yetu yakaisha adhuhuri. Nikachovya kitambaa kwenye ndoo ya mayai, nikamkanda siku tatu, mpaka akafumbua macho akaomba uji.

Mayai yalipoanguliwa, Bi Rukia wa idara akaja na mashine yake ya kutambua dume na jike.

"Mia na kumi, Bibi. Wote wazima."

"Alhamdulillahi."

"Wote majike." Akanitazama. "Maji yalikwenda wapi?"

"Kiwiko changu kimezeeka, mwanangu."

Akamtazama Mwanaiki, aliyekuwa analamba sufuria ya uji, kisha akaandika hivyo hivyo nilivyosema.

Jioni tukawashusha majini. Mwanaiki akauliza watarudi lini.

"Ukifika umri wa mama yako. Watakuja kutaga hapa hapa."

Akasema ndoo yao ataitunza yeye. Sikumwambia kwamba, bila dume, ndani ya mayai hayo hamtakuwa na kitu.