Mahali pa Kulala Langoni

Katika makao ya mbwa waliotupwa, ambako mbwa hauawi hata akikosa wa kumchukua, mgeni hulala langoni mpaka achoke kumngoja bwana wake. Shindo, mbwa koko, alilala hapo miaka mitatu.

Siku moja bwana aliyemtupa akaja. Shindo akarukaruka kwa furaha. Bwana akampita kama jiwe, akamchukua Almasi, mbwa wa mbegu adimu.

"Pole, mzee," Almasi akasema. "Watu huangalia mbegu."

Masika yaliyofuata bwana akarudi. Shindo akasimama tena, akitikisa mkia. Bwana akamfunga Almasi langoni, akaenda zake bila kugeuka.

"Atakuja kunichukua jioni," Almasi akasema. "Nani amtupe mbwa kama mimi?"

 Shindo akampisha mahali pake, akaenda kulala nyuma, pamoja na wenzake walioacha kungoja.