Wivu wa Bi Kijino

Chui alipoziba kisima, nguchiro walikutana kupanga jinsi ya kukizibua. Nguchiro mgeni akajiunga nao, akamwoa Bi Kijino, wakazaa. Lakini kila Ijumaa mume aliaga.

"Naenda kumwona mama, ni mgonjwa."

"Mgonjwa gani huyo anayekurudisha umeshiba?"

Siku moja Bi Kijino alinoa kucha, akamfuata ili amrarue mwanamke aliyedhani yuko huko. Alimkuta mumewe akila nyama aliyopewa na Chui na kumtajia majina ya wenzao.

"Na mkeo?" Chui akauliza.

"Yule ni kazi tu, mzee."

Bi Kijino akarudi mbio, akawahamisha nguchiro wote. Njiani aliwaonea wivu wake wenza: wao hugawana zamu, lakini mume ni wa kweli.

"Mama, baba yuko wapi?"

"Kazini. Tembeeni."