Tefu Haipo Gisenyi

Kwa heshima zote, itangazwe kwamba Jumapili ile mlo mkuu wa Kihabeshi ungeandaliwa nyumbani kwa Mukamusoni, chini ya usimamizi wa Belise, bingwa wa upishi aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, ambako alikuwa amejifunza kuchemsha maji.

Amri ilitoka kwa Mukamusoni mwenyewe, mama yake Belise. Mwanawe Emmy alikuwa ameleta mchumba kutoka Nairobi, binti wa Kihabeshi aitwaye Selam, na Mama hakutaka kusikia habari ya harusi kabla ya kuonja mkono wake.

"Atupikie chakula ya kwao," alisema. "Nikishiba, ndoa iko. Nisiposhiba, bon, bus ya kurudi Nairobi iko pia."

Chumbani, Selam alimshika Belise mkono. "Wifi, mimi nimekulia Nairobi. Injera, huo mkate wetu mchachu, najua kuula tu." Aliyasema kama mtu anayekiri uchawi. "Bibi yangu akimkubali mtu, alikuwa anamkunjia tonge na kumlisha kwa mkono wake. Mama yako atanifukuza, na mimi kaka yako nampenda."

"Tulia," Belise alimwambia. "Shuleni tumepita mitihani migumu kuliko huu, na si yote tuliisomea."

Siku hiyo hiyo akaingia mjini Gisenyi kutafuta tefu, ile nafaka ndogo kama mchanga ambayo injera haipikwi bila hiyo. Katika duka kubwa walimuuzia unga wa kahawia, ukawa kakao. Sokoni, Donatille wa nafaka alimpimia ulezi na kuapa kwamba Wahabeshi wote huununua, kisha akauliza Wahabeshi ni watu gani.

Mzee Mudathiru wa duka la viungo ndiye aliyemhurumia. Alimwekea mezani uwatu, iliki, tangawizi na pilipili kavu.

"Berbere yao, ile pilipili ya mchuzi, tunaweza kusaga hapa hapa," alisema. "Lakini tefu Gisenyi haiko, mutoto wangu. Yote inatoka Kigali na inaenda kwa mutu moja tu, mwenye kupikia Wahabeshi wa Goma."

"Ni nani, Mzee?"

"Hataki jina yake itajwe. Bwana yake ni mutu wa ofisi. Akijua bibi yake anachuuza, nyumba itawaka. We ongea na Jado wa Petite Barrière, pale mpakani, ndiye anavusha masufuria kwenda Goma."

Belise alifikiri kwa muda unaotosha kupiga chafya. Kisha akaacha viungo mezani na kwenda kumtafuta Jado.

Jumamosi alfajiri Mama alikwenda mazoezi ya kwaya na ndoo yake ya maziwa ya kuganda, kama kila wiki, na kama kila wiki alirudi akinukia vitunguu. Belise aliiheshimu sana kwaya ile.

Jumapili, wengine wakiwa kanisani, Jado alipitisha sufuria na kapu mlango wa nyuma. Belise alipasha mchuzi moto, akapanga injera kwenye sinia, kisha akamtia Selam masizi shavuni na unga puani, akarudi nyuma kidogo kuitazama kazi yake.

"Sasa umepika," alisema.

Mezani, Baba Viateur, afisa wa wilaya, alikaa na tai yake ya Jumapili. Emmy hakuthubutu kumtazama mtu. Mama alikata kipande cha injera, akachovya, akatafuna polepole kama hakimu anayesoma faili.

"Selam," alisema, "hii unga uliiacha ichache siku ngapi?"

Selam alimtazama Belise.

"Saa mbili," Belise akajibu kwa niaba ya upande wa utetezi.

"Saa mbili," Mama alirudia. Akakata kipande kingine. "Na siagi ulitia viungo gani ndani?"

Selam aliinamisha kichwa. Unga ukamdondoka puani, ukatua kwenye sinia. Hapo bingwa wa upishi akaishiwa na maneno yote ya shule ya bweni.

"Mama, tulidanganya. Yaani, mi nilidanganya. Tefu nilikosa, nikaagiza kwa mutu, Jado akaleta. Na unga wa puani ni mi nilimupaka. Selam hana kosa. Usimufukuze."

Mama alimtazama Baba na tai yake, kitambo, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuvuka. Kisha akakata injera pana, akazoa mchuzi, akaikunja kwa vidole vitatu bila tone kuanguka, akaipeleka hadi mdomoni mwa Selam.

"Kula, mutoto wangu. Jado aliniambia tu ni ya watu watano. Angesema ni ya mukwe wangu, ningetia siagi zaidi."