Bangili ya Mtegaji

Wifi yangu Ndeanasia ndiye aliyenisimulia haya majuzi, tukimenya ndizi za mtori. Ni habari za binti yake, Aikande.

Huko kwao mlimani, kila anayetega perere, wale wanyama wadogo wa mitini, kwa ajili ya manyoya huvishwa bangili. Mnyama akinaswa, bangili huwaka na maumivu yake humwingia mtegaji mkononi mpaka aende akamfungue au ammalize. Ndiyo maana mitego yao huvikwa maganda laini ya mgomba, na hakuna anayemwacha mnyama mtegoni usiku kucha.

Jioni moja Kirita, mume wa Aikande, alikuwa akila huku bangili inawaka nyekundu.

"Baba Mkunde, umenasa!"

"Najua, mama. Niache nimalize kula. Perere mwenyewe anakwenda wapi?"

"Kwani haikuumi?"

"Nimezoea."

Aikande alicheka, akidhani ni utani. Akamvua ile bangili, akaivaa yeye. Ukelele alioupiga uliwatimua kuku bandani. Alikimbia mpaka mtegoni, akamkuta perere mguu umevunjika, maganda yamechakaa hayajabadilishwa. Akammaliza upesi, na mkono wake ukatulia.

Aliporudi, Kirita alikuwa amempakata mtoto wao Mkunde, anamwimbia kwa upendo.

"Pole, mke wangu. Na wewe utazoea tu."

Siku zote mtoto hulala katikati yao. Usiku ule, neno "nimezoea" likiwa bado masikioni mwake, Aikande alimhamishia ukutani, akajilaza yeye katikati. Kirita alikoroma mapema. Aikande alikaa macho, kiganja juu ya kifua cha mwanawe, hadi usingizi ulipomshinda.